Uzito wa Mwendeshaji na Jinsi ya Kuchagua Pikipiki ya Kwanza

Mtu anayetafuta pikipiki yake ya kwanza huulizwa anataka ya cc ngapi, na ni nadra sana kuulizwa ana kilo ngapi. Kwenye gari swali hilo lisingekuwa na uzito wowote, kwa kuwa dereva wa kilo 80 ndani ya gari la kilo 1,200 ni sehemu ndogo ya mzigo unaosukumwa na injini. Kwenye pikipiki mambo ni mengine kabisa. Pikipiki ya cc 125 huwa na kilo 110 hadi 140 hivi, kwa hiyo mwendeshaji wa kilo 80 ni zaidi ya theluthi moja ya kila kinachotembea barabarani, naye ameketi juu, anajisogeza mbele na nyuma, na sehemu kubwa ya uzito wake huangukia gurudumu la nyuma. Katika mwongozo huu ninashikilia jambo moja: uzito wa mwendeshaji haumlazimishi kununua injini kubwa, kama wengi wanavyoshauriwa. Unamlazimisha kwanza kutazama kikomo cha mzigo, springi, breki na tairi, na injini ndipo ifuate.

Jipime ukiwa umevaa

Panda kwenye mizani ukiwa na kofia ngumu, jaketi, glavu, viatu vinavyofunika vifundo na mkoba unaoubeba kila siku. Kofia peke yake hukaribia kilo moja na nusu, na vifaa vyote kwa pamoja huongeza kilo 7 hadi 10 bila mtu kuhisi. Andika namba hiyo, kwa sababu hesabu zote zinazofuata zinaitegemea.

Kisha tafuta namba mbili za pikipiki yenyewe. Ya kwanza ni uzito wake ikiwa tayari kutembea, yaani ikiwa na oili, betri na tangi lililojaa. Kuwa mwangalifu hapa, kwani baadhi ya matangazo hutaja uzito mkavu, usiohesabu mafuta wala vimiminika vingine, ilhali lita 12 za petroli peke yake ni kilo 9 hivi. Namba ya pili ni uzito wa juu kabisa anaouruhusu mtengenezaji, pikipiki na kila kilicho juu yake vikiwa pamoja. Huandikwa katika kitabu cha mwongozo, na mara nyingi pia kwenye kibao kilichobandikwa kwenye fremu. Toa ya kwanza katika ya pili, nawe utapata mzigo ambao pikipiki hiyo inaruhusiwa kubeba.

Tuseme pikipiki ina kilo 135 na kikomo chake ni kilo 300, inabeba 165. Mwendeshaji aliyejipima na vifaa vyake akafikia 115 anabakiwa na kilo 50, maana yake hawezi kumpakia mtu mzima wa kawaida bila kuvuka kikomo. Uwezo huu hauendi sambamba na ukubwa wa injini. Zipo pikipiki zenye umbo la mashindano, zenye nguvu mara kadhaa kuliko zile ndogo za kazi, ambazo mzigo wake unaoruhusiwa hauzidi sana ule wa ndogo. Kwa hiyo mtu mwenye mwili mkubwa anayekimbilia injini kubwa akidhani kwamba amejipatia nafasi ya kubeba, huenda hajajipatia kitu.

Injini inavyouhisi uzito

Chukua pikipiki ya cc 125 yenye kilo 125 na nguvu ya kilowati 8, ambazo ni karibu nguvu za farasi 11. Mwendeshaji mwenye kilo 63 pamoja na vifaa anaufikisha uzito wote kilo 188, na kila kilo inapata takriban wati 43 za nguvu ya injini. Mwenye kilo 115 anaufikisha kilo 240, na kila kilo inapata wati 33. Hilo ni pungufu la zaidi ya moja ya tano, na ndilo analolihisi anapoondoka kwenye taa za barabarani au anapotaka kulipita lori. La lori ndilo la kuogopwa. Pengo ambalo mwenzake mwepesi analipita kwa utulivu, yeye halimtoshi, na hatalijua hilo kwa kumtazama mwenzake. Afanye majaribio kwenye barabara tupu, akihesabu sekunde zinazomchukua kutoka kilomita 50 hadi 70 kwa saa, na asiingie upande wa magari yanayokuja mpaka awe na muda wa kutosha na ziada.

Sheria za leseni za Umoja wa Ulaya zinautambua uwiano huu wa nguvu na uzito: mwenye leseni ya daraja la A2, ambalo ni daraja la kati la leseni za pikipiki, huwekewa kikomo cha kilowati 35, na pia kilowati 0.2 kwa kila kilo. Lakini kilo zinazohesabiwa hapo ni za pikipiki peke yake, mwendeshaji hamo. Hesabu inayomjumuisha ni lazima uifanye mwenyewe.

Mwendo wa juu kabisa kwenye tambarare ni habari nyingine, na hapa watu wengi hukosea. Mwendo ukishapanda, adui mkubwa wa injini ni upepo, wala si uzito. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu inayohitajika kuukata upepo huzidi mara nane. Waendeshaji wawili wenye tofauti ya kilo 40 wanaweza kufikia karibu mwendo uleule kwenye barabara iliyonyooka, ila mzito atachelewa kuufikia. Kinachompunguzia mwendo zaidi ya kilo zake ni mabega mapana na kukaa wima, kwa kuwa anaukabili upepo kwa eneo kubwa zaidi.

Mlimani uzito hurudi kudai haki yake yote. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, uzito wa kilo 188 unahitaji kilowati 2 hivi kwa ajili ya kupanda tu, mbali na zile za kuukata upepo, na uzito wa kilo 240 unahitaji 2.6. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini zile kilowati 8 za injini hupatikana tu ikiwa inazunguka kwa kasi kubwa. Katika mizunguko ya kati, ambamo mwanafunzi huendesha muda mwingi, nguvu iliyopo ni pungufu sana. Mtu mzito kwenye injini ndogo hana budi kushuka gia mapema, kabla injini haijaanza kulemewa, na asikubali kuifidia kwa kuiachia klachi nusu nusu, kwa sababu klachi inayoteleza chini ya mzigo huungua haraka. Akiishi penye milima mingi, fundi anaweza kumfungia sproketi ya mbele, lile gurudumu dogo la meno linalovuta cheni, yenye jino moja pungufu. Kutoka meno 15 kwenda 14 huongeza mvuto kwa asilimia 7 hivi katika kila gia, na gharama yake ni injini kupiga kelele zaidi kwenye mwendo mrefu. Kwenye pikipiki ambazo spidomita yake husoma kutoka kwenye gia boksi, spidomita nayo itaanza kuonyesha mwendo mkubwa kuliko wa kweli.

Breki

Kwa mwendo uleule, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza huongezeka sawasawa na uzito. Ukirudi kwenye mfano wetu, kilo 240 zinazotembea kwa kilomita 80 kwa saa zina nishati sawa na kilo 188 zinazotembea kwa kilomita 90. Mwendeshaji mzito na ajichukulie hivyo: kwa upande wa breki zake, kwenye mwendo huo yeye huwa na kilomita kumi zaidi ya zile anazoziona kwenye spidomita. Tairi nzuri kwenye lami kavu inaweza kuusimamisha uzito mkubwa karibu katika umbali uleule wa uzito mdogo, lakini kwa sharti kwamba breki zenyewe zina uwezo wa kutoa nguvu ya ziada, na kwamba mkono unajua kuzibana inavyotakiwa. Breki ndogo za ngoma zilizo kwenye pikipiki nyingi za bei nafuu hupata moto na kulegea zinapotumika mfululizo kwenye mteremko mrefu. Kwa mtu anayezidi kilo 90, kwa maoni yangu, breki ya diski mbele si anasa. Mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge ni jambo la kumtafutia kila mwanafunzi, mzito kwa mwepesi.

Springi: mahali ambapo uzito hufanya kazi yake kubwa

Wanunuzi wengi hawapatazami hapa kabisa. Pikipiki nyingi hutoka kiwandani springi zikiwa zimechaguliwa kwa mtu wa wastani, mwenye kilo 70 na kitu hivi, na anayeachana sana na wastani huo, kwa kuzidi au kupungua, huendesha pikipiki isiyomfaa mpaka atakapoirekebisha. Mtu mzito akikaa, nyuma panabonyea kupita kiasi, mbele panainuka, shokapu za mbele zinalala zaidi, na pikipiki inakuwa ngumu kuingia kwenye kona na hutaka kuteleza kwenda nje ya njia yake. Kwenye shimo, shokapu ambayo imekwisha kutumia nafasi yake kwa kumbeba mtu hugonga mwisho, na pigo lote huhamia kwenye rimu na kwenye uti wa mgongo. Mwanafunzi aliyekwisha kuambiwa mara kumi kwamba hajui kukata kona anaweza kukuta kosa liko kwenye pete ya kukazia springi.

Kipimo chake ni mbonyeo, yaani kiasi ambacho pikipiki hushuka inapobebeshwa. Tafuta utepe wa kupimia na watu wawili wa kukusaidia. Inueni sehemu ya nyuma mpaka shokapu inyooke yote na gurudumu liache ardhi, kisha mpime kutoka katikati ya ekseli kwenda juu wima hadi alama mtakayoiweka kwenye mkia wa pikipiki. Tuseme ni milimita 560. Ishusheni. Panda ukiwa umevaa kila kitu, weka miguu yote miwili kwenye vikanyagio huku msaidizi mmoja akishikilia usukani, jibonyeze mara mbili tatu ili shokapu ikae mahali pake, na msaidizi wa pili apime tena. Tuseme sasa ni 522. Tofauti ya milimita 38 ndiyo mbonyeo wako. Linganisha na nafasi yote ambayo gurudumu la nyuma linaweza kupanda na kushuka, ambayo aghalabu imo katika kitabu cha mwongozo. Ikiwa nafasi hiyo ni milimita 120, mbonyeo wako ni asilimia 32, na hali ni nzuri, kwa kuwa lengo kwa barabara za kawaida ni karibu asilimia 30. Ukipata milimita 55, springi inahitaji kukazwa. Ukipata 20, ilegezwe. Kwenye pikipiki nyingi za kujifunzia kazi hiyo hufanywa kwa kuzungusha pete yenye ngazi iliyo kwenye shokapu ya nyuma, na penye shokapu mbili ni lazima zote ziwe kwenye ngazi moja.

Ni muhimu kuelewa kwamba kuikaza springi hakuifanyi kuwa ngumu zaidi. Kunapandisha tu kimo ambacho inaanzia kazi. Kwa hiyo, mbonyeo ukishakaa sawa, pima mara ya tatu pikipiki ikiwa imesimama peke yake bila mtu. Ikishuka milimita 5 hadi 15 kutoka kile kipimo cha kwanza, springi inakufaa. Ikiwa haishuki kabisa, umelazimika kuikaza mno, na springi hiyo ni laini kwa uzito wako. Ikishuka sana, tuseme milimita 25, umelazimika kuilegeza mno, na springi ni ngumu kwako. Wengi huelewa kinyume, huona pikipiki isiyoshuka wakasema springi ni ngumu, wakanunua iliyo laini zaidi na kuharibu kabisa. Dawa ya hali zote mbili ni kubadilisha springi yenyewe, jambo ambalo gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kubadilisha pikipiki. Mbele, pikipiki nyingi za wanaoanza hazina pa kurekebishia, na hapo pia ni springi nyingine ndiyo inayosaidia. Kuweka oili nzito zaidi kwenye shokapu za mbele hupunguza kasi ya kucheza, lakini hakubebi uzito.

Tairi, cheni na taa

Ubavuni mwa tairi kuna maandishi kama 100/80-17 52P. Ile 52 ni alama ya mzigo, na maana yake ni kwamba tairi hiyo inabeba hadi kilo 200 ikiwa na upepo unaotakiwa, na P ni mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Alama 57 ni kilo 230, na 62 ni kilo 265. Usikubali kufungiwa tairi yenye alama ya chini kuliko ile ya awali kwa sababu tu inaingia kwenye rimu. Kuhusu upepo, vitabu vya mwongozo hutoa vipimo viwili, cha mtu mmoja na cha watu wawili, na baadhi ya watengenezaji hutenganisha vipimo hivyo kwa mzigo wa kilo 90 badala ya idadi ya watu. Utenganisho huo wa kilo ndio wenye mantiki: mtu wa kilo 115 aliye peke yake ni mzigo wa safu ya pili. Pima tairi zikiwa baridi.

Ukibadilisha mkazo wa springi, angalia upya vitu viwili. Cheni hukaza kadiri nyuma panaposhuka, kwa hiyo baada ya kuirekebisha kama kitabu kinavyoagiza, mtu mzito akae juu na mwingine ahakikishe kwamba bado ina ulegevu. Taa kubwa nayo huinuka nyuma panapobonyea, ikawamulika machoni wanaokuja, na hivyo irekebishwe ukiwa umeketi.

Kwa mwendeshaji mwepesi

Ushauri mwingi huandikwa kwa ajili ya watu wazito, kana kwamba wepesi ni baraka tupu. Mtu wa kilo 48 kwenye springi za kilo 75 ana shida yake: shokapu hazibonyei vya kutosha, gurudumu linarukaruka kwenye barabara mbovu badala ya kuifuata, na tairi isiyogusa ardhi haina breki wala kona. Isitoshe, pikipiki isiyobonyea hukaa juu, ikamfanya mtu mfupi aguse ardhi kwa ncha za vidole. Kulegeza springi mpaka mbonyeo ufike asilimia 30 humaliza sehemu kubwa ya matatizo hayo mawili kwa mara moja. Ikibaki kasoro, punguza sponji ya siti au tafuta siti nyembamba, kwa sababu upana wa siti hula urefu wa mguu kama kimo chake kinavyoula. Kuishusha pikipiki kwa kubadilisha viungo vya shokapu ni hatua ya mwisho, maana hugusa umbo zima la pikipiki na uwezo wake wa kulala kwenye kona. Si lazima miguu yote miwili ikanyage bapa. Mguu mmoja uliokanyaga imara unatosha kusimamia.

Jambo jingine la mwepesi ni uzito wa pikipiki yenyewe. Pikipiki ya kilo 190 ni karibu mara nne ya mwili wake, na maanguko mengi ya wanaoanza hutokea ikiwa imesimama au inasukumwa. Kabla ya kununua, aisukume kurudi nyuma, aizungushe kwenye nafasi finyu, na aitoe kwenye stendi yeye mwenyewe bila kusaidiwa.

Kuchagua

Nikiulizwa, kwa uzito uliopimwa na vifaa, ningemwelekeza mtu asiyefika kilo 65 kwenye pikipiki ya cc 110 hadi 150 isiyozidi kilo 130 au 135. Kati ya 65 na 90, cc 125 hadi 200 humtosha kabisa, na uchaguzi wake uongozwe na barabara anazozipita. Kati ya 90 na 115, ningeanzia cc 150 yenye diski mbele, na penye milima au mwendo mrefu nikafika 250. Anayezidi hapo, cc 250 hadi 400 zenye silinda moja au mbili, zinazovuta vizuri katika mizunguko ya chini na ya kati, na zinazoruhusiwa kubeba kilo 170 au zaidi, zitamfundisha bila kumtisha. Pikipiki ya mashindano ya cc 600 siiweki popote kwenye safu hii. Mwili mzito hupunguza kidogo ukali wa injini ya namna hiyo, lakini hauufundishi mkono kuongeza moto polepole, na kosa dogo la mkono wa kulia ni lilelile kwa kila uzito.

Ikiwa pikipiki imekwisha kutumika, ongeza jaribio moja. Simama kando yake, bonyeza siti kwa nguvu na uiachie. Inapaswa kurudi juu mara moja na kutulia. Ikiendelea kucheza, shokapu imechoka, na pete haitakusaidia kitu. Tazama pia kama shokapu za mbele zinavuja oili. Ukishainunua, andika vile vipimo vitatu vya mbonyeo na uvirudie kila baada ya miezi kadhaa. Mbonyeo ukiongezeka ilhali uzito wako haujabadilika, springi imeanza kulegea, na pikipiki hiyo ionwe na fundi kabla hujapakia mtu.